MIKROBE INAYORUDI PAMOJA NA MUSAFIRI
Mazungumzo na wamama juu ya tifoide inayoshinda dawa

Wenye watoto wachanga wakae karibu na dirisha, wapate hewa. Mutoto akilia anyonyeshwe, hapana haya hapa.

Mazungumzo ya leo ni juu ya ugonjwa unaoingia kwa kinywa pamoja na chakula na maji. Munajua ugonjwa wa namna hiyo. Lakini leo tutasema juu ya ule unaokataa kusikia dawa. Na tutasema zaidi juu ya watu wa safari, kwani siku hizi ni nyumba gani isiyokuwa na mutu wa safari? Baba anakwenda kutafuta bidhaa Kampala ao Bujumbura. Shangazi anapanda ndege mpaka Dubai ao Guangzhou kununua nguo na simu. Ndugu anaishi Ubelgiji, na wakati wa likizo anarudi na watoto wake kusalimia wazee.

Musafiri akifika, mizigo inafunguliwa, watoto wanashangilia. Lakini kuna muzigo mumoja ambao watu wa duwani hawauoni, hata yeye mwenyewe haujui. Uko ndani ya matumbo yake. Ni muzigo huo tutafungua leo.

1. MIKROBE HII NI NINI?

Jina lake ni Salmonela. Ni mikrobe ndogo sana, haionekani kwa macho. Iko jamaa kubwa, lakini leo tutataja aina mbili tu.

Aina ya kwanza ndiyo inaleta homa ya matumbo, ile tunayozoea kuita tifoide. Mikrobe ya tifoide inaishi ndani ya mwanadamu peke yake. Haitoki kwa mbuzi wala kwa kuku. Basi kila mara mutu akipata tifoide, mujue kwamba mavi ya mutu mwingine yamefika ndani ya kinywa chake. Maneno haya hayapendezi, lakini ndiyo ukweli. Yamefika kwa njia gani? Kwa maji ya kisima kilicho karibu na choo. Kwa mikono isiyonawiwa. Kwa nzi aliyetoka chooni akatua juu ya ndizi. Kwa mboga iliyooshwa na maji machafu kisha ikaliwa mbichi.

Mikrobe ikiingia leo, ugonjwa hauonekani kesho. Mara nyingi inapita juma moja ao mawili, hata siku 30. Kisha homa inaanza polepole, kila siku inapanda kidogo. Kichwa kinauma, nguvu zinapotea, tumbo linauma, chakula hakipendezi. Wengine wanahara, wengine wanafunga choo. Mbele ya dawa kujulikana, kati ya wagonjwa 10, mumoja ao zaidi alikufa. Hatari kubwa inakuja ugonjwa ukiwa na juma la pili ao la tatu: utumbo unaweza kutoboka. Hapo hapana kinini cha kuponya. Ni kisu cha muganga tu, tena kwa haraka.

Aina ya pili ya Salmonela inapatikana katika nyama, mayai, maziwa, kuku, na kwa watu vilevile. Katika inchi za Ulaya mara nyingi inaleta kuhara siku chache, halafu inaisha. Lakini kwetu Afrika inafanya mabaya zaidi. Inaingia katika damu ya watoto wenye chini ya miaka mitano, zaidi wale waliolegezwa na malaria, ao wenye upungufu wa damu, ao wenye kwashiorkor. Mutoto anaweza kuwa na homa kali bila kuhara hata kidogo. Mama anafikiri ni malaria peke yake, kumbe ziko mbili.

2. NAMNA GANI MIKROBE INASHINDA DAWA

Dawa inayoua mikrobe za namna hii inaitwa antibiotiki. Ampisilini, kotrimoksazoli, siprofloksasini, ni antibiotiki. Parasetamoli hapana antibiotiki, dawa ya malaria vilevile hapana.

Sasa tuseme muko na panya nyumbani. Munaweka dawa ya panya, lakini kidogo, kwa siku mbili tu. Panya wanyonge wanakufa. Wale wenye nguvu wanaumwa kidogo, wanapona, wanazaa. Baada ya miezi, nyumba imejaa panya, na wote ni watoto wa wale wenye nguvu. Munaweka dawa ileile, wanaikula wala hawaumwi.

Mikrobe ni vilevile, lakini zinazaa kwa haraka kuliko panya: moja inakuwa mbili kwa dakika 20 ao 30. Mama anayenunua vinini vinne kwa mutu wa soko mwenye kubeba dawa ndani ya sahani, akampa mutoto viwili leo na viwili kesho, kisha akaacha kwa sababu homa imeshuka, anafanya kama yule mwenye panya. Anaua zile nyonge, anaacha zile kali.

Tena mikrobe ziko na desturi nyingine. Moja ikipata njia ya kushinda dawa, inaweza kuipa jirani yake, hata kama jirani ni wa jamaa nyingine. Kwa hiyo antibiotiki inayomezwa bila sababu, kwa mafua ao kwa kuhara kidogo, haiponyeshi kitu, lakini inafundisha mikrobe zote zilizo ndani ya tumbo. Siku mikrobe mbaya inafika, inakuta walimu tayari.

Musikilize namna dawa za tifoide zilivyoshindwa moja moja. Mwaka 1948 waganga walipata kloramfenikoli. Ilikuwa furaha kubwa, kwani watu waliokuwa wanakufa walipona. Lakini mwaka 1972, katika inchi ya Meksiko, watu maelfu walipata tifoide isiyosikia kloramfenikoli. Kufika mwisho wa miaka ya 1980, zilionekana mikrobe za tifoide zilizoshinda dawa tatu kwa mara moja: kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli. Waganga wakakimbilia siprofloksasini. Kwa miaka michache tu, nayo ikaanza kulegea katika inchi nyingi za Asia. Ikabaki sindano ya seftriaksoni.

3. HABARI YA HYDERABAD

Mwisho wa mwaka 2016, katika muji wa Hyderabad, jimbo la Sindh, inchi ya Pakistani, waganga waliona watoto wenye tifoide wasiopona hata kwa sindano ya seftriaksoni. Mikrobe hii ilishinda zile dawa tatu za zamani, ilishinda siprofloksasini, ikashinda na seftriaksoni. Zilibaki dawa chache sana: azitromisini ya kumeza, na sindano za bei kali zinazotiwa ndani ya mushipa hospitalini. Kufika mwezi wa 12 wa mwaka 2018, wagonjwa waliohesabiwa katika jimbo lile walipita 5,000, na wengi walikuwa watoto.

Ilitoka wapi? Waganga walifwata njia ya maji. Waliona kwamba maji ya kunywa yalichanganyika na maji machafu ya vyoo. Mikrobe ilikuwa kali kwa sababu ya dawa, lakini ilitembea kwa sababu ya maji.

Kisha ikapanda ndege. Wasafiri waliotoka Pakistani waliibeba mpaka Uingereza, Marekani, Kanada na Australia. Ni watu gani? Wengi hawakuwa watalii wa kukaa katika hoteli. Ni watu waliokwenda kutembelea jamaa zao: mama na watoto waliokwenda kuona nyanya, ao kuhuzuria ndoa. Waganga wa Ulaya wanajua jambo hili tangu zamani, kwamba tifoide inapendelea musafiri anayerudi kwao. Juu ya nini? Kwanza, anakaa siku nyingi. Pili, anakula chakula cha nyumbani na kunywa maji ya nyumbani, kwani nani atakataa maji anayopewa na nyanya yake? Tatu, anafikiri: «Hapa ni kwetu, mimi sihitaji chanjo.» Lakini watoto wake walizaliwa mbali, na miili yao haijui mikrobe za pale.

Wamama, ninyi munapokea wageni kama hao. Mutoto wa ndugu yenu aliyezaliwa Bruxelles atakaa mezani kwenu. Na siku ingine ni mutu wenu atakayerudi kutoka mbali. Mulango ni ule ule, unafunguka pande mbili.

4. MUTU ANAWEZA KUBEBA BILA KUUMWA

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Wanasema: «Mume wangu amerudi muzima, anakula vizuri, basi hana kitu.» Ngojeni kidogo.

Watu wa elimu wa Uholanzi walifwata wasafiri karibu 2,000 wa inchi yao, na habari yao ilitolewa mwaka 2017. Walipima choo chao mbele ya safari na nyuma ya safari. Kati ya wale waliokwenda bila mikrobe zinazoshinda dawa, karibu mumoja katika watatu alirudi nazo. Kwa wale waliokwenda upande wa kusini wa Asia, watatu katika wanne walirudi nazo. Hizo hazikuwa tifoide, zilikuwa mikrobe za kawaida za matumbo zenye kushinda dawa kubwa. Wengi hawakuumwa. Kwa wengi mikrobe zilitoka nyuma ya mwezi mumoja hivi, lakini mumoja katika kumi hivi alikuwa nazo hata nyuma ya mwaka muzima. Wengine waliwaambukiza watu wa nyumba yao.

Na musikilize jambo hili: wale waliomeza antibiotiki wakati wa safari walikuwa na hatari zaidi ya kurudi na mikrobe hizo kuliko wale wasiomeza. Dawa ilisafisha mafasi, mikrobe ngumu zikaingia na kukaa.

Kwa tifoide kuna habari ya zamani inayojulikana dunia nzima. Mwanamuke mumoja, Mary Mallon, mutu wa Irelandi, alikuwa mupishi wa nyumba za matajiri karibu na New York. Mwenyewe alikuwa na nguvu, wala hakuwa na homa. Lakini karibu kila nyumba alimopika, watu walipata tifoide. Mwaka 1906, katika nyumba moja, watu 6 kati ya 11 waliugua. Mwaka 1907 walipima choo chake, wakakuta mikrobe. Walimuweka peke yake katika kisiwa mpaka mwaka 1910, kisha wakamufungua, naye akaahidi kutopika tena. Lakini alirudia kazi ya kupika, na mwaka 1915 tifoide ikaingia katika hospitali ya wamama alimokuwa mupishi. Walimurudisha kisiwani, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1938.

Sisi hatuambii mutu habari hii ili wasafiri wafukuzwe. Wakati ule hapakuwa dawa, na yule mama aliteseka sana. Tunaisema kwa somo lingine. Chakula alichokipika kwa moto mukali hakikuleta ugonjwa, kwani moto unaua mikrobe. Yule aliyemuchunguza aliona kwamba hatari ilikuwa katika chakula cha baridi, kama matunda mabichi aliyoyakata kwa mikono yake, yakatiwa ndani ya barafu tamu. Basi jifunzeni: moto na sabuni ni dawa zisizoshindwa na mikrobe. Hata ile ya Hyderabad inakufa ndani ya maji yanayochemka.

5. NA KWETU KONGO?

Musiseme: «Hayo ni maneno ya Asia.» Mwisho wa mwaka 2004 na mwanzo wa 2005, muji wa Kinshasa ulipata tifoide kubwa. Kwa miezi mitatu na nusu hivi wagonjwa waliohesabiwa walipita 42,000. Watu karibu 700 walipata ugonjwa ndani ya tumbo lote ao kutoboka utumbo, na watu zaidi ya 200 walikufa. Fikirini wamama waliofika hospitalini usiku na mutoto mwenye tumbo gumu kama ubao.

Na juu ya ile Salmonela ya pili, inayoingia katika damu ya watoto: mwaka 2019 waganga wa elimu wa Kongo, pamoja na wenzao wa Antwerp, waliandika kwamba wameona katika inchi yetu aina inayoshinda karibu dawa zote zinazotumiwa kwa kawaida. Haikuletwa kwa ndege. Ilikomaa hapa kwetu. Kwa hiyo hapana haki ya kumunyoshea musafiri kidole peke yake. Yeye anaweza kuleta, anaweza pia kuchukua. Sisi wote tunapashwa kufunga njia ya mikrobe, yule anayekwenda na yule anayebaki.

6. MASHAURI KWA NYUMBA YENYE MUSAFIRI

Mbele ya safari. Kuna chanjo ya tifoide. Ile mupya ni sindano moja, inaweza kupewa mutoto tangu miezi 6. Pakistani ilikuwa inchi ya kwanza kuiingiza katika chanjo za watoto wote, mwaka 2019, ikianza na jimbo la Sindh. Katika Afrika, Liberia na Zimbabwe ziliiingiza mwaka 2021, na Malawi mwaka 2023. Chanjo hii inamulinda mutu hata kwa tifoide inayoshinda dawa, kwani haipigani kama dawa, inafundisha mwili kupigana wenyewe. Inalinda watu 8 hivi katika 10, hapana wote. Basi mwenye chanjo angali anapashwa kunawa mikono. Musafiri aulize mafasi wanapotoa chanjo za safari. Na ndugu zenu walio Ulaya, muwaambie kwa simu: «Mbele ya kuja, wapatie watoto chanjo.» Hapana kuwatukana wazee, ni kuwapenda watoto.

Wakati wa safari. Musafiri ale chakula chenye moto, kinachotoa mvuke. Tunda alimenye mwenyewe. Maji yawe ya kuchemsha ao ya chupa iliyofungwa. Barafu asiitie, kwani barafu ni maji yasiyochemshwa. Na akihara kidogo, anywe maji ya chumvi na sukari, asimeze antibiotiki kama peremende.

Wakati wa kurudi. Mupokeeni vizuri, mumupe maji ya moto na sabuni. Kama anahara, asipikie watu mpaka apone, na choo chake kisafishwe sawasawa. Kama homa inamushika ndani ya mwezi wa kwanza, ao hata nyuma yake, aende kwa muganga upesi. Na neno la kwanza aseme ni hili: «Mimi nimetoka safari, nilikuwa inchi fulani, siku fulani.» Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha yake. Kwa mugonjwa wa tifoide anayetoka Pakistani, muganga atachagua dawa nyingine. Asipojua, atatoa dawa ya kawaida, siku zitapita, na utumbo hautangoja. Kama alimeza dawa njiani, aonyeshe ganda lake ao karatasi. Asifiche, hatutamugombeza.

7. JIKONI NA CHOONI

Maneno haya munayajua, lakini ndiyo yenye nguvu kuliko yote:

– Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, ukimaliza kumupangusa mutoto, mbele ya kupika, mbele ya kula na mbele ya kulisha mutoto. Hapana sabuni? Majivu safi yanafaa.
– Maji ya kunywa yachemke kabisa, yabubujike dakika moja. Wale wanaoishi juu sana milimani wayaache dakika tatu. Yawekwe katika bidoni safi yenye kifuniko, na kikombe cha kuchotea kiwe na mukono.
– Mavi ya mutoto mudogo ni hatari kama ya mukubwa. Yatupwe ndani ya choo, hapana nyuma ya nyumba.
– Nyama ya kuku iive mpaka ndani, pasiwe damu. Mayai yaive mpaka kiini kigumu. Kisu na ubao vilivyokata kuku mbichi vioshwe kwa sabuni mbele ya kukata nyanya ao kitunguu.
– Sombe, maharagi na samaki vilivyolala usiku vipashwe moto mpaka vichemke. Kuvitia vuguvugu tu haitoshi.
– Mutoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Biberoni ni nyumba ya mikrobe.

8. MUTOTO AKISHIKWA NA UGONJWA

Kama anahara bila damu, mara nyingi hahitaji antibiotiki. Anahitaji maji. Pakiti ya SRO moja kwa litri moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Aendelee kunyonya, aendelee kula. Na aletwe apewe zinki, siku 10 mpaka 14.

Lakini mulete mutoto palepale, hata usiku, ukiona moja ya haya: damu katika choo, anahara maji mengi kama maji ya muchele, hawezi kunyonya ao anatapika yote, macho yameingia ndani, analala bila kuamka vizuri, anapata mitukutiko, amekuwa mweupe viganjani, homa imepita siku mbili, tumbo limevimba, limekuwa gumu, ao linauma sana kwa gafula.

9. MAULIZO YA WAMAMA

«Muganga, juu ya nini munachukua damu mara nyingi? Laboratwari moja haitoshi?»
Kipimo cha malaria ni tone la kidole. Lakini kujua mikrobe ya tifoide, na kujua dawa gani inaisikia, inafaa kuchukua damu ndani ya mushipa na kuiotesha ndani ya chupa siku kadhaa. Kipimo kile cha Widal munachokijua kinadanganya mara nyingi. Kinaweza kusema «tifoide» kwa mutu mwenye malaria tu. Kwa hiyo musikimbilie dawa ya tifoide kwa karatasi ya Widal peke yake.

«Homa ikishuka siku ya tatu, si naweza kuweka vinini vingine kwa siku ingine?»
Hapana, mama. Mumalize siku zote muganga alizohesabu. Na vinini vya mutoto mumoja hapana vya ndugu yake.

«Ile dawa ya rangi mbili ya ku soko iko bei rahisi. Feza sina.»
Tunajua shida ya feza. Lakini hesabuni vizuri. Dawa isiyojulikana, iliyokaa juani, haina nguvu yake yote. Unalipa mara ya kwanza, mutoto haponi. Unalipa mara ya pili. Mwisho unalipa operesheni. Tena dawa zingine hazifai hata kama ni za kweli. Tetrasiklini inaharibu meno ya mutoto, na haifai kwa mwenye mimba. Kloramfenikoli ni hatari kwa mutoto aliyezaliwa juzi. Mukose feza, mukuje kwanza tuzungumze.

«Mume wangu hataki kusema kwamba anahara. Anaona haya.»
Mwambie polepole, hapana mbele ya watu: «Baba, ni kwa ajili ya watoto.» Mutu mukubwa anaweza kuvumilia. Mutoto wa miezi minane hawezi.

«Kuku wangu wanaumwa. Naweza kuwapa vinini vya watu?»
Hapana. Ni shule ileile ya mikrobe. Uliza muganga wa nyama.

10. MANENO MATANO YA KUKUMBUKA

Moja: mikrobe inayoshinda dawa haishindi moto wala sabuni.
Mbili: antibiotiki ni kwa muganga kuchagua, na kwa mama kumaliza.
Tatu: musafiri anaweza kubeba bila kuumwa, mikono yake ioshwe kama ya watu wote.
Ine: homa nyuma ya safari, sema safari yako kwa muganga.
Tano: tumbo gumu lenye kuuma ni hospitali leo, hapana kesho.

Karatasi hii muipeleke nyumbani, na asiyejua kusoma asomewe na mutoto wake wa shule. Sasa tuanze kupima watoto. Wale waliotoka mbali wapite wa kwanza.